Mshale Uliosimama Katikati

Jioni ile nilimpelekea fundi themostati mpya, nikamwambia aifunge kwenye gari langu, mahali alipoing'oa ya kwanza. Hakuna gari lililopita mikononi mwake likabaki na kidude hicho. Alikitoa, akakitupa, akajigamba kuwa ameliponya.

"Msomi, hicho ni cha nchi za theluji," alisema, akijifuta grisi kwenye suruali. "Injini inataka baridi."

Injini haitaki baridi. Inataka nyuzi tisini hivi, na themostati huyazuia maji mpaka zifike. Bila hiyo mshale wa joto hulala chini, na hita hupuliza upepo wa kaburini. Upepo huo ndio uliompuliza mke wangu nilipomkimbiza hospitali kupitia milimani, homa ya mapafu ikimtetemesha.

"Baba watoto, washa hita."

Ilikuwa imewashwa. Alikata roho kwenye kiti cha pembeni.

Nilimweleza fundi hayo. Akashusha boneti kwa kishindo.

"Kazi ya Mungu, kaka. Haya, tayari. Nimekufungia."

Mjinga akikosea, Mungu ndiye shahidi wake.

Niliondoka giza likiingia. Mshale ukapanda, ukasimama katikati. Hita ikaanza kupuliza joto.

Sikuwa nimeiwasha.

Kisha harufu... mafuta ya mkaratusi niliyokuwa nikimsugua kifuani.

Kiti cha pembeni kikabonyea.

Simu ikaita. Fundi, anacheka. "Msomi! Joto limefika?"

"Limefika katikati."

Kicheko kikakatika. "Acha utani. Sikuifunga. Themostati yako ninayo hapa mkononi."

Nikautazama mshale.

"Kaka... mbona gereji imekuwa baridi hivi? Pumzi yangu inatoka moshi. Vidole sivihisi... Kaka?"

Nilisikia meno yake yakigongana.

Pembeni yangu mtu akashusha pumzi polepole, kama anayeota moto baada ya mvua.

"Baba watoto," sauti ikanong'ona. "Usizime."

Ufunguo ulikuwa karibu na mkono wangu. Kuuzungusha tu, injini ingezimika.

"Kaka, nakuomba..."

"Kazi ya Mungu, kaka," nikamjibu.

Nikakanyaga mafuta.

Asubuhi walimkuta fundi amekakamaa kando ya jiko la mkaa, makaa bado mekundu. Daktari akasema moyo.

Gari nimeliegesha uani, betri nimeitoa. Mshale haujashuka.