Vifungo Viwili vya Bibi

Kila nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kuokota pini na vipande vya uzi chini ya cherehani ya mama. Siku hiyo niliinama, nikainuka, nikainama tena. Sikuweza kutulia. Nusu ya vyombo vyetu vilikuwa kwenye maboksi. Mwenye nyumba alikitaka chumba chake, na zilibaki siku tatu tu tuhame.

"Kiherehere, hebu kaa," mama alisema. Hilo ndilo jina alilonipa. "Vyumba tulivyoviona ni viwili. Leo tuchague."

Alimimina vifungo vya shati mezani, akavigawa mafungu matatu: jambo zito zaidi, vifungo vingi zaidi. Fungu la mwanga vifungo vinne, maana bila mwanga hawezi kushona. Fungu la miguu ya bibi vifungo vitano, kwa sababu magoti yalimuuma na ngazi zilimtesa. Fungu la kuwa karibu na shule, kifungo kimoja.

"Kimoja tu?"

"Wewe una miguu mizima."

Kila chumba tulikipa alama, moja hadi tatu, kwa kila fungu. Cha ghorofani kilipata tatu kwa mwanga, moja kwa miguu ya bibi, tatu kwa shule. Cha chini kilipata mbili, tatu na moja.

"Zidisha alama kwa vifungo, kisha ujumlishe," mama alisema. Mteja akapiga hodi, naye akatoka na utepe wake wa kupimia shingoni.

Nilipiga hesabu. Cha chini ishirini na nne, cha ghorofani ishirini. Rafiki yangu wa darasani aliishi ghorofa ile ile, na tulishapanga hata mahali pa kuchezea. Nikatoa vifungo viwili kwenye fungu la bibi, nikavisukuma kwenye la shule, nikahesabu upya. Majibu yaligeuka.

"Cha ghorofani," nilimwambia mama aliporudi.

Aliguna. "Haya, kama hesabu imesema. Kesho asubuhi nitampelekea jibu mwenye chumba."

Jioni nilimkuta bibi mlangoni. Ameshika fremu, anapandisha mguu kwenye kizingiti, anaushusha, anaupandisha tena. Jasho lilimtoka.

"Bibi, unafanya nini?"

"Mazoezi, mke mwenzangu. Nasikia ngazi ni ishirini na mbili, na hapa nimefika ya tisa. Sitaki mnipandishe kama gunia, majirani wakacheka."

Alicheka mwenyewe. Mimi sikuweza. Nilizunguka chumba, nikafungua boksi, nikalifunga. Mwishowe nilikwenda mezani, nikavirudisha vile vifungo viwili mbele ya mama.

"Nilivihamisha," nilisema. "Nilikitaka cha ghorofani, niwe karibu na rafiki yangu."

Mama alisimamisha cherehani. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ungesema mapema unataka kuwa karibu naye, tungekuongezea kifungo," alisema. "Lakini uzito wa kila jambo tunakubaliana kwanza, ndipo tunahesabu. Ukishaliona jibu ukageuza uzito, hiyo si hesabu tena. Ni uongo wenye namba. Na mzigo wake angeubeba bibi yako."

Siku ya tatu tulihamia chumba cha chini. Bibi aliingia wa kwanza, bila kushika ukuta.

"Ngazi ngapi hapa?" aliniuliza.

"Hakuna hata moja, bibi."

"Ala! Na yale mazoezi yangu yote nikamdai nani?"