Waya Uliochomolewa

Haya yalimkuta rafiki yetu mmoja, fundi wa redio, na mpaka leo ukimuuliza hugeuza mazungumzo.

Mama mmoja mjane, anayeishi peke yake, alimwita nyumbani kwake. Tangu anunue mashine mpya ya kuchezea sidii, muziki ulikuwa ukikwaruza. Ilikuwa mchana, lakini sebule ilikuwa na giza kwa mapazia mazito.

"Amplifaya yako, hii ya kukuza sauti, ni nzima, mama," fundi alimwambia baada ya kupima. "Mashine inatoa volti mbili, na amplifaya inataka nusu volti tu. Ni kama kumpigia mtu kelele sikioni. Nitaweka kifaa cha kuipunguza nguvu hapa katikati."

"Haya mwanangu, mimi niko jikoni."

Fundi akazima umeme, akachomoa plagi ukutani. Hapo ndipo aliposikia spika ikipumua, polepole, kama mtu aliyelala. Akajiambia ni umeme uliobaki ndani ya amplifaya, akachomoa na waya wa spika. Pumzi hazikukatika. Akagusisha kipimo kwenye spika. Kikasoma sifuri.

"Umemaliza?" mama akauliza kutoka jikoni.

Fundi alitaka kujibu. Kabla hajafumbua mdomo, spika ikajibu, taratibu, kwa sauti yake yeye fundi:

"Bado kidogo, mama."

"Haya, usijali," akasema mama, akaendelea kuosha vyombo.