Gurudumu la Upande wa Ua

Ijumaa asubuhi Muzdalifa aliamshwa na sauti ya ndoo. Nyumbani kwao Kibiti kulikuwa na harusi ya dada yake, Zawadi, na nyumba yenye shughuli haina mtu wa kulala. Baba yake, Mzee Hemedy, alikuwa amerudi kutoka Ngorongo alikokwenda kuchukua mchele, na gari lake lilijaa tope la bondeni mpaka kwenye vioo. Akampa binti yake ndoo na brashi, akamwagiza aoshe gari lote, hata nyuma ya magurudumu, kwa kuwa kesho yake ndilo lingempeleka bibi harusi Nyamwage.

Muzdalifa alikuwa na miaka kumi na miwili, na kuosha alijua, akitaka. Upande wa barabarani aliusugua mpaka wapita njia wakamsifu. Lakini gurudumu la nyuma kushoto lilielekea ua wa makuti, ambako hakuna wa kumsifu mtu, na wenzake walikuwa wameshaanza kucheza chini ya maturubai. Akalimwagia maji kidogo, akatupa brashi. Baba alipomwuliza, aliapa wallahi kuwa ameosha kote.

Jumamosi akaja shangazi yake, Bi Biasha, na chetezo cha udi. Yeye ndiye aliyekuwa somo wa Zawadi, mwanamke anayemfunda bibi harusi na kukaa naye garini mpaka kwa mume. Kwa Bi Biasha, gari la bibi harusi lisilofukizwa ni toroli tu. Alifunga vioo, akaweka chetezo ndani, moshi ukajaa hata usukani usionekane.

Mzee Hemedy alipolitoa kwenda kujaza mafuta, hakufika mbali. Taa ya njano iliwaka mbele yake, picha ya gari dogo na mistari miwili iliyopinda chini yake. Akarudi akikohoa, akaita watu watazame, na kila mtu akawa fundi. Jirani yao Abdalah alishauri wabandike karatasi juu ya taa ili isimsumbue dereva. Bi Biasha aliona nyoka wawili wanalifukuza gari. Akasema hicho ni kijicho cha watu, udi uongezwe.

"Huo udi wako ndio umeingia kwenye kompyuta ya gari," Mzee Hemedy akasema. "Dada, leo utapanda gari la ngoma, wewe na chetezo chako."

 Bi Biasha akakaa mkekani na chetezo chake, na Zawadi akaanza kulia kwamba bila somo wake haendi popote. Muzdalifa alimwonea shangazi yake huruma. Hata hivyo akanyamaza, akijiambia huenda kweli ni moshi.

Fundi Sufiani alifika kama mwalikwa, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Kimashine chake cha kupimia magari alikuwa nacho, maana hakiachi hata msibani. Akakichomeka chini ya usukani, akasoma. Alieleza kuwa taa ile ni ya mfumo unaozuia magurudumu yasizunguke ovyo kwenye utelezi. Kila gurudumu lina sensa, kidude kinachopima mwendo wake, na ile ya nyuma kushoto haikuwa ikileta habari. Akauliza kama pana tope. Mzee Hemedy akamwambia mtoto ameosha, tena ameapa. Sufiani akaitazama kanzu yake, akaitazama ardhi, akakubali upesi kwamba basi sensa imekufa, na mpya mpaka ije kutoka Dar es Salaam.

Mzee Hemedy akashika kichwa. Mvua ilikuwa imenyesha, na kutoka lami ya Nyamwage mpaka kwa mkwe ni utelezi mtupu. Akatangaza kuwa bibi harusi haondoki leo. Kilio cha Zawadi kikapanda. Hapo Bi Biasha akainuka, akakifunga chetezo kwenye kanga, akasema anarudi kwake asije akaharibu na mengine.

Muzdalifa alimshika mkono.

"Shangazi, usiende. Baba, lile la nyuma sikuliosha. Niliapa uwongo."

Baba yake hakugombana naye. Alimkabidhi brashi tu. Muzdalifa akaingia chini ya gari na gauni lake jipya la harusi, huku Sufiani akichuchumaa mbali, kanzu ameikusanya magotini, akimwelekeza. Nyuma ya gurudumu tope lilikuwa limekauka pamoja na nyasi, nazo zimeuvuta waya wa sensa ukachomoka. Akasugua, akasafisha, akaurudisha waya mpaka ukabana. Sufiani akafuta ile hitilafu kwa kimashine chake, na Mzee Hemedy akaenda na gari mpaka barabarani na kurudi. Taa haikuwaka tena. Wanawake wakapiga vigelegele, na sijui kama kuna taa nyingine iliyowahi kupigiwa vigelegele kwa kuzimika.

Mzee Hemedy akamwomba radhi dada yake mbele ya watu wote. Muzdalifa naye akaomba msamaha, machozi yakimchanganyikia na tope. Bi Biasha akamfuta uso kwa pembe ya kanga.

"Gurudumu si kitu, mwanangu, maji yapo na brashi ipo," akasema. "Kilichoniuma ni kwamba ulinyamaza mimi nikisemwa kwa kosa lako. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, kabla mwenzio hajabebeshwa lawama."

Nguo safi iliyobaki ilikuwa sare ya shule. Muzdalifa akaenda nayo harusini, amekaa kati ya bibi harusi na somo wake. Nyamwage kila mtu alimwuliza kwa nini amevaa sare Jumamosi, na kila mtu alielezwa ukweli wote, kwa sababu shangazi yake alikuwa pembeni akisikiliza.