Jongoo Bahari Aliyesuguliwa Nyumba kwa Sabuni

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alipitia kituo cha utafiti wa bahari kumngoja mama yake atoke kiwandani. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake, mtafiti wa kituo hicho, kwa sababu miguu ya mtoto huyu ilizoea kuitangulia akili. Ukimtuma chumvi, anafika dukani kabla hujamaliza kumwambia ya kiasi gani, kisha anarudi mbio kuuliza.

Pale kituoni alikuwa na kazi moja tu: kufuta vioo vya matangi kwa nje, kwa kitambaa kikavu. Mikono isiingie majini. Shangazi alikuwa ameirudia amri hiyo mpaka ikawa kama salamu.

Matangi yalikuwa mawili, makubwa kama vitanda, na pampu moja ilizungusha maji ya chumvi kutoka tangi hili kwenda lile. Maji yalipozwa sana, hata ukigusa kioo vidole vinauma. Humo waliishi majongoo bahari, viumbe laini wenye umbo la tango, wasio na macho wala uti wa mgongo. Wote walitolewa kwenye bahari ya baridi, lakini si mahali pamoja.

Wa tangi la kwanza walitoka kwenye miamba yenye mkondo mkali. Walishika mawe kwa vijiguu vingi vidogo, na kichwani walifungua matawi mekundu kama mti uliochanua. Matawi hayo yalinasa chembe za chakula zilizopita majini. Kisha jongoo aliingiza tawi moja mdomoni, akalitoa, akaingiza jingine, kama mtoto anayelamba vidole vyenye asali. Chapuchapu angeweza kuwatazama mpaka akasahau njaa.

Tangi la pili lilikuwa na tope jeusi, na ndani ya tope, ncha ya mkia. Basi. Siku ya kwanza shangazi alianza kumweleza habari za mwenye mkia ule, lakini kabla hajafika mbali, Chapuchapu alikuwa amesharudi kwenye matawi mekundu.

Mwalimu wa sayansi alipotangaza kwamba kesho yake darasa zima lingetembelea kituo, Chapuchapu alijisifu kama mwenye bahari yake. Jirani yake wa dawati alikuwa mvulana aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuna aliyejua anazimwa wapi. Redio akamwacha amalize, kisha akasema kwa upole kwamba kaka yake alishafika huko.

"Ameniambia wana tope lenye mkia," alisema. "Tuvae nguo nzuri?"

Darasa likaangua kicheko. Chapuchapu naye alicheka, ila alikuwa wa kwanza kuacha.

Jioni hiyo shangazi alikuwa kikaoni ghorofa ya juu. Chapuchapu alisimama mbele ya tangi la pili akiutazama ule mkia. Maskini, aliwaza, kichwa kimekwama chini, na jirani zake wanastarehe kwenye mawe safi. Akakunja mikono ya sweta. Alimchomoa jongoo topeni, akamtia kwenye ndoo yenye maji ya tangi. Akachota tope lote, akalimwaga kwenye karo. Akachukua sifongo na sabuni ya vyombo, akasugua kioo cha ndani na sakafu ya tangi, akasuuza juujuu, akapanga mawe meupe, akamlaza jongoo katikati. Sasa alionekana mwili wote, mnene, wa rangi ya zambarau, kama mgeni wa heshima. Mama alipokuja kumchukua, Chapuchapu aliondoka akipiga mluzi. Kikao kilikuwa bado hakijaisha.

Asubuhi alitangulia wenzake kituoni ili awapokee. Alimkuta shangazi amepiga magoti sakafuni mbele ya matangi. Jongoo wa zambarau alikuwa amelegea juu ya mawe kama soksi iliyolowa. Kwenye tangi la kwanza hapakuwa na mti hata mmoja. Wote walikuwa wamekunja matawi, wamebaki vibonge, na juu ya maji palielea povu jembamba.

Mkuu wa kituo alikuwa amemsimamisha fundi wa pampu. Ndiye aliyeingia mle wa mwisho jana, baada ya kikao, kubadilisha vichujio. Alipoulizwa kwa nini ameosha tangi, fundi alijibu kwamba hakugusa ila vichujio vyake. Aliulizwa tena, akajibu vilevile. Mkuu akamwambia akusanye vyombo vyake, kituo kitatafuta fundi mwingine. Fundi huyu ndiye aliyezoea kumtania Chapuchapu kuwa atamposa akishajifunza kutembea badala ya kukimbia. Leo hakumtania. Aliinama, akaanza kurudisha spana mkobani, moja moja.

"Ninachouliza si nani," shangazi alisema, macho kwenye tangi. "Nataka kujua ni nini kimeingia humu. Kama ni tope tu limetolewa, na povu hili ni ute wao, namrudishia tope. Kama ni sumu, namwaga maji yote, na maji ya akiba yanatosha mara moja tu. Nikikisia vibaya, nawapoteza wote."

Nje ukumbini sauti za darasa zilikuwa zimefika. Ya Redio ilikuwa mbele, kama kawaida.

Chapuchapu aligeuka kuutazama mlango. Angeweza kungoja. Darasa lingeingia, lingetoka, kisha angemnong'oneza shangazi pembeni. Lakini mkoba wa fundi ulikuwa karibu kujaa, na yule jongoo hakutikisika. Mlango ukafunguliwa, Redio akachungulia.

"Ni mimi, shangazi," Chapuchapu alisema. "Nilisugua kwa sabuni ya vyombo."

Hata Redio alizimika.

Shangazi hakumkaripia. Aliuliza sabuni kiasi gani, ilisuuzwa vipi, jongoo alikaa kwenye maji gani. Chapuchapu alijibu yote, hata pale jibu lilipomwaibisha. Aliposikia kwamba kwenye ndoo yalikuwa maji ya tangi, shangazi alishusha pumzi.

"Basi nafasi ipo. Fundi, tafadhali, funga pampu."

Fundi akamtazama mkuu. Mkuu alikohoa, akasema kwamba ulimi wake umekimbia kuliko akili, na kwamba anaomba radhi. Fundi akafungua mkoba tena. Waliwatia majongoo kwenye ndoo za maji ya akiba, wakamwaga maji yote ya matangi, wakasuuza matangi mpaka povu likaisha, wakaingiza maji ya akiba yaliyobaki. Kutoka chumba cha baridi shangazi alileta tope lililohifadhiwa, na Chapuchapu alibeba ndoo baada ya ndoo, akitembea polepole. Wanafunzi walisimama ukutani pamoja na mwalimu wao.

Wenye matawi wakarudishwa kwenye mawe yao, na jongoo wa zambarau akawekwa juu ya tope. Walingoja. Wengine walianza kubadilisha miguu. Kisha kwenye ngozi ya zambarau likapita wimbi dogo, kichwa kikagusa tope, kikachimba. Akazama taratibu, bila mkono wala koleo, mpaka ukabaki mkia tu, umesimama. Kwenye ncha yake kitundu kikafunguka, kikafumba, kikafunguka.

"Anafanya nini?" Redio alinong'ona.

"Anapumua," shangazi alisema.

"Kwa huko?"

"Kwa huko huko. Kichwa kiko mezani, kinakula tope. Nyuma iko dirishani, inavuta maji safi. Wewe ukila huku unaongea unapaliwa. Yeye amepanga vizuri zaidi."

Kicheko kilichotokea kilikuwa cha mshangao, na safari hii walisukumana kusogelea tope. Wakati huo kwenye tangi la kwanza jongoo mmoja alitoa tawi jekundu, akalirudisha, akalitoa tena.

Chapuchapu alimwendea fundi, akamwomba msamaha mbele ya wote. Fundi akamwambia amesamehewa, ila ile posa ameifuta.

Shangazi alimshika bega. "Hawa wote ni wa bahari ya baridi," alisema, "lakini baridi si nyumba moja. Kwenye mkondo chakula kinapita, kwa hiyo wanafungua matawi. Kwenye ghuba tulivu chakula kinatua, kwa hiyo mwenzao anakifuata chini. Kila mmoja ameumbika kwa pale anapoishi, na wewe ulimwona mgonjwa kwa kuwa tu hafanani na jirani. Kabla hujamsaidia mtu, muulize anavyoishi. Jana ulikosea. Leo ungeficha, mimi ningekisia, nao wangekufa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umesema mapema, mbele ya watu, na ndiyo maana kile kitundu bado kinafunguka. Haya, darasa lako linangoja. Waonyeshe."

Chapuchapu alivuta pumzi, akaenda kusimama kando ya tangi la tope, akaanzia hapo.