Ngozi ya Ngoma ya Tatu

Ngozi ya ngoma ya tatu ilikuwa imeota nywele tena.

Mbeyu aliinua shuka akazitazama. Zilikuwa fupi, nyeusi, zimelala upande mmoja kama za mbuzi aliye hai. Mara ya kwanza alizinyoa kwa wembe akidhani ni ukungu, maana mto ukijaa nyumba za Garsen hushika unyevu. Alileta wembe, akanyoa, akazifagia nje pamoja na vumbi, akaendelea na kazi zake. Chumba kilihitajika. Binti yake Charity alikuwa na mimba ya miezi minane na amerudi kujifungulia kwao, lakini dramu za marehemu Kiti zilikuwa zimekikalia chumba hicho tangu zamani. Ziondoke.

Kiti, mumewe, alizipiga ujanani kwenye hoteli za Malindi, kisha kanisani Tarasaa. Ngozi ya plastiki ya ile ngoma kubwa ya miguu mitatu ilipopasuka, hakupata nyingine. Siku hizo mganga mmoja, Josiah, alikuwa ameokoka, na waumini wakakusanyika kuchoma vifaa vyake vyote uwanjani. Kiti aliona ngozi nzuri ya mbuzi ikipelekwa motoni. Akaivua kwenye ngoma ya mganga watu wakiwa wamefumba macho kuomba, akaenda nayo nyumbani, akaiwamba kwenye ngoma yake.

"Ngozi haina dini," alimwambia Mbeyu akicheka.

Aliipiga alasiri moja tu. Alasiri hiyo hiyo mdogo wake Caleb, aliyekuwa akiishi nao, aliokotwa shambani kando ya mto, mbavu zimevunjika na mdomo umejaa damu. Watu walisema ni kiboko, ingawa hakukuwa na nyayo. Kiti alifunika dramu kwa shuka na hakuzigusa tena. Hata sukari ilipokuwa ikimmaliza kitandani alisema, "Zisipigwe, mama Charity. Wala usiziuze." Mbeyu alidhani ni uchungu wa ndugu.

Sasa Kiti hayupo, na mtoto hawezi kulala juu ya dramu.

Zadock alifika na pikapu kutoka Malindi asubuhi, mtu wa makamo mwenye kofia ya nyuzi na maneno mengi. Alikuwa akitafuta dramu za zamani kwa niaba ya tajiri mmoja wa Nairobi.

"Shikamoo, mathe."

"Marahaba. Ziko huku. Ukiona zinafaa, ondoka nazo leo leo."

"Haraka ya nini? Kwanza nizisalimie."

Alipiga magoti sakafuni. Aligeuza ngoma ya kwanza, akamulika ndani kwa simu, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa mbao. "Hizi ni za miaka ya sitini. Ona, kibati cha kiwanda bado kipo, na namba yake. Watu hukibandua wakafanya kipambo cha ufunguo, wajinga." Alizungusha pete ya chuma sakafuni aone kama imepinda. Haikupinda. "Mbao haijaachana. Haijatobolewa. Mtu akitoboa tundu moja tu atie chuma cha kigeni, ameiua." Aligonga toazi kubwa kwa kidole, likalia kama sufuria. Lilikuwa na ufa. "Hili kakaangie chapati, mathe."

Charity, aliyekuwa uani akipepeta mchele, aliangua kicheko.

Zadock alifika kwenye ngoma ya miguu mitatu. Aliigusa ngozi, akaondoa mkono upesi, akaufuta kwenye suruali. "Mbona ina joto?"

"Jua la dirishani."

Dirisha lilikuwa upande wa pili. Zadock aliliangalia. Alinusa. "Na inanuka zizi. Haya, ngozi si neno, itabadilishwa. Thamani iko kwenye mbao. Lakini lazima nisikie sauti. Siwezi kumwambia bosi ni nzima na sijaisikia."

Mbeyu alikumbuka neno la Kiti. Akakumbuka pia kitanda cha mtoto kilichosimamishwa ukutani kwa kukosa nafasi. "Piga basi," akasema.

Zadock alitoa vijiti mfukoni. Ngoma ya kwanza ililia safi. Ya pili ikalia nzito, akatikisa kichwa kwa raha. Akapiga ya tatu, pigo moja, na sauti iliyotoka haikuwa ya ngoma. Ilikuwa ya nyama.

"Aa! Mama!" Charity alipiga kelele uani. "Nani kanirushia jiwe?"

Zadock alikunja uso, akapiga tena mara mbili, kwa nguvu zaidi, sikio likiwa karibu na mbao. Uani ungo ulianguka na mchele ukamwagika. Mbeyu alipotoka alimkuta bintiye amepiga magoti, mkono mgongoni. Alimfunua nguo. Palikuwa na alama tatu za duara, nyekundu, kila moja sawa na ncha ya kijiti.

Hapo ndipo alipomkumbuka Caleb.

"Acha!" alipiga kelele akirudi ndani mbio. "Usipige! Unampiga mtoto wangu!"

"Mathe, mimi niko humu, yeye yuko nje. Nitampigaje?" Zadock alicheka kidogo, na kwa kutaka kumwonyesha kwamba hakuna lolote alishusha kijiti mara ya nne. Mfupa wa mkono wa Charity ulivunjika kwa sauti ambayo wote wawili waliisikia.

Mbeyu hakujadili. Alichukua mchi uliokuwa umeegemezwa mlangoni, akampiga nao Zadock begani, kijiti kikaruka. Mtu yule aliangukia matoazi akitukana. Kisha wote wawili wakanyamaza, kwa sababu ngoma ilikuwa ikiendelea. Hakuna aliyeishika. Ngozi ilikuwa ikibonyea yenyewe, hapa na pale, kama shavu la mtu anayepigwa makofi. Zile nywele alizozinyoa alfajiri zilikuwa zimesharudi na kusimama wima, na kila ilipobonyea mmoja wa nyumba ile alipata pigo: Charity pajani, Mbeyu mdomoni hadi jino likamtoka, Charity shingoni, jogoo akabingirika uani shingo imegeuka, Mbeyu mbavuni mpaka akakosa pumzi na kutambaa kwa viwiko kuelekea nje akimwita jirani yake kwa sauti isiyotoka.

Jirani huyo alikuwa Josiah mwenyewe. Tangu aokoke alikuwa akitengeneza baiskeli upande wa pili wa ua. Alikuja mbio na mikono ya grisi, lakini alipofika kizingitini na kuiona ngozi, alirudi nyuma hatua mbili.

"Ile niliona inaungua," alisema kwa kunong'ona.

"Kiti aliiiba," Mbeyu akasema, damu ikimdondoka kidevuni. "Kuna nini humo, mzee? Sema upesi."

"Kuna pepo mmoja nilimtoa kwa mwanamke wa Wenje. Hakukubali kuondoka, nikamfunga humo. Nilimpiga kila siku asipate nafasi ya kutoka. Kila siku, mama Charity, miaka mingi." Josiah alijifuta uso, akaacha alama ya grisi. "Amejifunza kupiga."

"Mtoe!"

"Mimi nimeokoka, sigusi tena…"

"Mzee, mwanangu anakufa pale nje. Utaokoka kesho."

Josiah alitazama uani. Charity alikuwa amejikunja chini ya mwarobaini, akilikinga tumbo kwa mkono uliobaki mzima. "Haya. Ngozi ivuliwe, ichomwe. Lakini yeye hukaa kwenye kitu kilichowambwa, kikakazwa. Ukimvua hapa ataruka kwenye kilicho karibu. Toeni kila kilichowambwa. Kila kitu!"

Wakatoa, huku mapigo yakiwaangukia. Zile dramu nyingine walizirusha juu ya ua hadi barabarani. Kigoda cha ngozi, kitanda cha kamba, mwavuli, chekeche, hata turubai la jikoni Mbeyu alilikata kamba kwa kisu na kuliburuta nje. Charity walimlaza chali kwenye mkeka mahali pale pale, maana akiinuliwa alipiga mayowe, wakamfunua nguo hadi kifuani kwa sababu kila kilichomgusa kilimuuma. Tumbo lake liling'aa kwa jasho.

Ufunguo wa skrubu alikuwa nao Zadock. "Fungua," Josiah akamwambia.

"Mimi nilikuja kununua tu, mzee."

"Fungua, mwanangu."

Alifungua ya kwanza na kidole chake kidogo kikapinda kuelekea nyuma kikakatika. Alilia kama mtoto lakini Mbeyu alikuwa amesimama juu yake na mchi, basi akafungua ya pili, kidole kingine kikaenda, akafungua kwa mkono wa kushoto, na ngoma ikawa inadunda kwa kasi ambayo haikuacha nafasi kati ya pigo na pigo, vumbi likishuka kutoka darini, harufu ya zizi na ya damu ya kale ikijaa chumba mpaka Josiah akatapika huku akiomba, na Charity nje halii tena, anakoroma tu. Zadock alipozirai mkono wake ukiwa kama tambara lililosokotwa, Mbeyu aliuchukua ufunguo, akamalizia skrubu zilizobaki kwa macho yaliyofungwa, pigo moja likimpasua nyusi na jingine likimwingia ini, akang'oa pete ya chuma na kuivua ngozi kwa kucha.

Upande wa ndani ulikuwa na michubuko mibichi, ya zambarau, kama mgongo wa mtu.

Kimya. Josiah aliichoma uani kwa mafuta ya taa. Ilijikunja motoni, ikatoa moshi mzito, ikawa majivu. Hakuna aliyepigwa tena.

Zadock alipopata fahamu alikaa kwa muda mrefu akiutazama mwili mtupu wa ile ngoma. Kisha, kazi ni kazi, aliumulika ndani kwa mkono mzima. "Mbao haina ufa," alisema. "Ni nzima." Vijana wa barabarani walimpakilia dramu zote kwenye pikapu, na mmoja wao akamwendesha hadi hospitali.

Charity alijifungua salama mwezi uliofuata, mkono ukiwa bado kwenye plasta. Mtoto wa kiume, mzito. Muuguzi alimgeuza, akaona mgongo wake una nywele. "Wengi huzaliwa nazo. Zitapukutika zenyewe."

Mbeyu alizitazama. Fupi, nyeusi, zimelala upande mmoja. Akamfunika kwa kanga. Wakarudi nyumbani, kitanda cha mtoto kikasimama katikati ya kile chumba.

Jioni Charity alimnyonyesha, akampa mama yake, akaenda sebuleni kupumzika. Mbeyu alimweka mjukuu begani kama alivyowaweka watoto wote waliopita mikononi mwake, akampigapiga mgongoni ili acheue.

Sauti ilikuwa nzito, na ya karibu, na ya nyama.

"Mama!" Charity alilia kutoka sebuleni. "Mama, nani ananipiga?"

Mkono wa Mbeyu ulibaki hewani. Walikuwa wametoa kila kilichowambwa, isipokuwa lile tumbo pale chini ya mwarobaini. Mtoto hakuwa amecheua bado. Alianza kulia, akijinyonganyonga begani mwa bibi yake, akiubinua mgongo wake kuufuata mkono.