Redio na Trela Zito

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake za shule, Redio alikwenda kwenye yadi ya magari ya shangazi yake kupangusa vumbi. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa kuwa akianza kuzungumza hakuna wa kumzima. Mwenyewe hakuchukia. Alipenda kuulizwa maswali, na alipenda zaidi kuwa na jibu.

Yadi ilikuwa kando ya barabara kuu, imezungushiwa wavu wa chuma. Magari yaliyotumika yalipangwa kwa safu, na ofisi yenyewe ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha. Shangazi alikuwa akiuza magari tangu Redio hajazaliwa. Wateja wake walikuwa na desturi ya kurudi, tena wakiwa wameongozana na ndugu zao.

Siku hiyo shangazi alikuwa anatoka kwenda kumwona fundi wa rangi. "Mtu akija, mkaribishe akae, mpe maji," alimwambia Redio. "Habari za magari nitakuja kuzisema mwenyewe."

Hazikupita dakika nyingi, akaingia mama mmoja aliyevaa buti nzito na koti lenye madoa ya grisi. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari jeupe la foo-wili, jipya kuliko yote yadini, ambalo Redio alikuwa analing'arisha.

"Shikamoo," alisema Redio.

"Marahaba, mwanangu. Mwenye yadi yupo?"

"Anakuja sasa hivi. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Uliza tu."

Mama yule alitabasamu. Akaeleza kwamba yeye ni dereva wa mbio za magari. Gari la mbio haliendeshwi barabarani. Hupakiwa kwenye trela, likavutwa mpaka uwanjani. Gari lake la kuvutia trela lilikuwa limekufa injini, na mashindano yalikuwa wiki ijayo. Alihitaji foo-wili, maana uwanja huwa tope tupu, na gari lisilosukumwa na magurudumu yote manne hunasa papo hapo.

"Hili linaweza kuvuta uzito gani?" aliuliza. "Trela langu, ukijumlisha gari, magurudumu ya akiba na vifaa, linafika tani mbili na nusu."

Redio hakujua. Alijua kwamba gari lile lina viti vya ngozi na kamera ya nyuma, basi. Lakini neno "sijui" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Tani mbili na nusu kwa hili ni mchezo," alijibu. "Hata tatu linavuta."

Mama akatoa simu, akampigia muuzaji mwingine. "Kaka, lile gari uliloniwekea, muuzie mtu mwingine. Nimepata huku." Kisha akaaga, akaenda kulileta trela ili walijaribu.

Redio alibaki amesimama na kitambaa mkononi. Hakutegemea kwamba maneno yake yangechukuliwa kwa uzito namna ile. Akazunguka nyuma ya gari, akachuchumaa. Karibu na ndoano ya kuvutia trela palikuwa na kibati kidogo kilichochorwa namba. Uzito wa mwisho wa kuvuta: kilo elfu moja na mia tano. Akasoma tena, akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea.

Shangazi aliporudi, Redio alimweleza kuhusu mteja.

"Trela lake lina uzito gani?" aliuliza shangazi.

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema kweli. Redio alikitazama kitambaa chake. "Kama tani moja hivi."

"Basi hili linamtosha," alisema shangazi.

Trela liliwasili likivutwa na lori la jirani wa yule mama. Lilikuwa limefunikwa pande zote kama chumba, kwa hiyo kilichomo ndani hakikuonekana. Walipolifunga kwenye ndoano, gari jeupe lilikaa chini kwa nyuma na pua ikainuka juu.

Shangazi alikunja uso. "Mbona limekaa hivi?"

"Labda vitu vimeegemea mbele mno," alisema yule mama. "Twende taratibu tuone."

Mama alishika usukani, shangazi akakaa kando yake, Redio akaingia nyuma. Walikwenda polepole kuelekea kilimani. Injini ilinguruma kwa shida, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Trela lilipoyumba, gari zima liliyumba nalo.

"Usukani umekuwa mwepesi," mama alisema. "Kama magurudumu ya mbele hayashiki barabara."

Walipofika juu, Redio aliiona barabara ikiteremka mpaka sokoni. Watu walikuwa wanavuka na vikapu vyao, watoto wakikimbizana.

"Mama, simama kwanza," alisema. "Tafadhali, usiteremke."

Gari likasimama. Redio akasema yote: kwamba hakujua, kwamba alibuni, kwamba alikiona kibati baadaye na bado akamdanganya shangazi. Aliyasema akiangalia magoti yake.

Hakuna aliyemfokea, na hilo lilimuumiza zaidi. Yule mama alishuka, akaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, kisha akachungulia kile kibati. "Nami nilipaswa kukisoma mwenyewe," alisema. "Injini ikiweza kupandisha trela, hiyo ni nusu ya kazi. Kulizuia wakati wa kushuka ndiyo kazi yenyewe. Gari jepesi lingesukumwa na trela mpaka kule chini, na breki zisingefua dafu."

Akampigia simu yule muuzaji mwingine. Gari lile lilikuwa limeshauzwa. Mama akaketi kwenye ukingo wa barabara, akavua kofia.

Shangazi akasogea karibu naye. "Nina moja," alisema hatimaye. "Si la kuuza. Ndilo ninalovutia magari mabovu kuyaleta yadini. Lakini njoo ulitazame."

Lori liliitwa kulirudisha trela. Gari la shangazi lilikuwa foo-wili la kijani lililopauka, kiti chake kimeshonwa kwa uzi mnene. Mara hii shangazi alichuchumaa na kusoma kibati kwa sauti: tani tatu na nusu. Akaonyesha jinsi gari lenyewe lilivyo zito na refu, ndiyo maana trela haliliyumbishi ovyo; injini yake ya dizeli, yenye nguvu hata ikizunguka polepole; gia ndogo ya kutokea kwenye tope; na waya wa kuunganisha breki za trela. Hata hapo hakuridhika. Walilipeleka trela kwenye mizani ya malori, ikaonyesha tani mbili na nusu na ushee. Kisha wakapanda kilima kilekile na kuteremka. Gari la kijani lilishuka taratibu, trela likifuata nyuma kama ng'ombe aliyefungwa kamba.

Yule mama alilinunua, akaondoka nalo jioni. Shangazi alilisindikiza kwa macho mpaka likakata kona. Redio alijua kwamba gari lolote la yadi likiharibikia mbali, sasa shangazi atalazimika kuomba msaada kwa watu.

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Kaa hapa." Wakakaa kwenye ngazi ya kontena. "Yule mama aliachilia gari lingine kwa kuliamini neno lako. Ungesema 'sijui, msubiri shangazi', angekunywa maji yake, nami ningekuja kusoma kibati. Kutojua si aibu, mwanangu. Mimi nimeuza magari miaka yote hii na bado nasoma. Umedanganya ili uonekane unajua, ukadanganya tena ili ufiche ule uongo wa kwanza, na watu wa sokoni ndio wangelipa. Ila pale juu ulisema kweli, ingawa ilikuchoma. Anzia hapo. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha nenda ukajifunze."

Redio alikikunja kitambaa chake cha kupangusia. Kisha akainuka, akalisogelea gari jeupe.

"Shangazi, hizi namba nyingine kwenye kibati zina maana gani? Mimi sijui."

Shangazi akachuchumaa kando yake, akaanza kumweleza.