Msumari Uliosubiri Picha

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufundisha watoto wa chekechea parokiani, Doris alimpelekea bibi yake kikombe cha kahawa. Bibi Ndelilio alikuwa na kigoda chake mlangoni, mahali ambapo jua la Kirua Vunjo hufika kwanza. Alikuwa akipokea kikombe kwa mikono miwili, ananusa mvuke, kisha anauliza, "Ng'ombe amekula?"

"Amekula, Bibi."

Basi Bibi anachukua kisu na kuanza kumenya ndizi za kupika mtori. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Lakini asubuhi moja ya Desemba, mwaka 2006, Bibi hakuuliza habari za ng'ombe.

"Doris, hebu lete ile kamera yako. Nataka unipige picha."

Kahawa ikamwagikia Doris vidoleni.

"Mimi, Bibi?"

"Kwani hapa kuna Doris mwingine? Krismasi wanangu wanakuja wote. Nataka wakute picha yangu ukutani, pamoja na ile tuliyopiga na Baba Thadeus. Hivi, imeshasafishwa?"

"Bado, Bibi."

"Bado! Mwaka mzima! Hao watu wa mjini wanaisafishia wapi, mtoni?"

Bibi alicheka peke yake. Doris aliingia ndani haraka, akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia mkono. Pale sebuleni, ukutani, palikuwa na msumari mmoja mtupu. Aliugeuzia mgongo.

Msumari ule aliupigilia Babu Kornel mwenyewe, huyo Baba Thadeus wa Bibi, Krismasi iliyopita. Siku hiyo Thadeus, mtoto wa kwanza wa Babu, alikuja kutoka Dar es Salaam na zawadi ya Doris: kamera ndogo ya dijitali. Babu alivaa koti na kofia yake ya kahawia. Alimshika Bibi mkono, wakasimama chini ya migomba.

"Piga hapa," alisema Babu. "Ila mlima uonekane. Picha isiyo na mlima utajuaje kama ni ya kwetu?"

Ilikuwa saa sita mchana. Doris alisogea nyuma mpaka viatu vikaonekana. Akapiga picha moja tu, kama watu walivyozoea kubana filamu. Alipotazama kwenye kioo cha kamera, theluji ya kilele cha Kibo ilikuwa inang'aa. Babu na Bibi walikuwa weusi tititi. Hata macho hayakuonekana.

Lucky, binamu yake, alichungulia begani. "Dada Doris, umepiga mlima na visiki viwili!"

Watu wakacheka. Doris aliona aibu hadi masikio yakamchoma. Akabonyeza kitufe, akaifuta. Alifikiri, nitapiga nyingine baadaye. Lakini mvua ikaja, wageni wakaja, betri zikaisha. Jioni Babu alichukua nyundo na msumari wa inchi tatu.

"Picha ikirudi kutoka mjini isikose pa kukaa," alisema.

Doris alishindwa kumwambia. Mwezi wa tatu, wakati wa Kwaresima, Babu alifariki. Baada ya mazishi Bibi aliuliza picha iko wapi. Doris alijibu, "Bado inasafishwa." Neno hilo lilimtoka siku ile, na tangu hapo halikupata njia ya kurudi.

*

Jumamosi Doris alishuka Moshi mjini na kamera yake mkobani. Alikwenda kwenye studio ya Mama Anusuya, nyuma ya soko. Aliijua studio ile tangu utotoni. Alipokuwa na miaka sita, Babu alimleta hapa kupiga picha ya kipaimara cha shangazi yake. Babu alilowesha kiganja kwa mate, akamlaza nywele. Alikuwa ananukia moshi wa kuni na kahawa mbichi.

Mambo mengi yalikuwa bado pale pale. Kulikuwa na lile pazia lililochorwa ngazi na maua meupe. Kulikuwa na kamera kuukuu ya miguu mitatu, imefunikwa shuka. Ila mezani sasa palikuwa na kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Karibu. Watu wa milimani mmeamkaje? Kuna baridi?"

"Ipo, mama." Doris alitazama chini. "Nimekuja... Nataka kujua kupiga picha. Nina kamera, lakini watu wanatoka weusi."

Mama Anusuya alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alirithi kazi hii kwa baba yake. Aliipokea kamera, akaanza kutazama picha moja baada ya nyingine.

"Huyu nani?"

"Mwalimu mwenzangu."

"Mbona yuko mbali hivi? Mmegombana?"

Doris alicheka bila kutaka. "Nilitaka viatu vionekane."

"Viatu vyake anavyo nyumbani, atavitazama huko. Mtu tunamjua kwa uso. Sogea karibu, umwone kuanzia kiunoni." Akageuza kamera, akaikagua mbele. "Na hiki kijicho hapa ni lenzi. Tazama, kina alama za vidole. Kila picha itakuwa na ukungu. Kifute kwa kitambaa laini, kikavu. Usitumie mate!"

Kisha akasimama mlangoni, jua likiwa nyuma yake.

"Nipige."

Doris akapiga. Uso wa Mama Anusuya ulitoka mweusi.

"Sasa ngoja." Mama Anusuya akageuka, akatazama nje, na Doris akasimama nje akimtazama. "Piga tena."

Safari hii kila kitu kilionekana: mikunjo ya macho, kamba ya miwani, hata kipini cha pua.

"Umeona? Mtu ni yule yule, mlango ni ule ule. Tumegeuka tu. Kamera ikiona mwanga mkali mbele yake inafanya kama wewe ukitazama jua: inafinya jicho. Kilicho kivulini kinapotea. Kwa hiyo kabla ya kupiga jiulize, mwanga unatoka wapi? Uangukie usoni kwa mtu, usiwe mgongoni kwake."

"Lakini kwetu watu wanataka mlima uonekane."

"Wote! Tangu enzi za baba yangu. Hata mabwana harusi wa Marangu walikuwa wanamsumbua awachoree mlima kwenye pazia." Alicheka. "Ukitaka mlima, toka asubuhi, kabla haujafunikwa na mawingu. Watu wasimame juani, si chini ya migomba. Jua liwe pembeni yako au mgongoni kwako. Ikiwa lazima wakae kivulini, washa flashi, hata kama ni mchana, na usimame hatua tatu nne, si zaidi. Mwanga wake haufiki mbali."

"Na wakitoka na ukungu, kama wanatikisika?"

"Wewe ndiye unayetikisika. Bana viwiko mbavuni. Bonyeza kitufe nusu kwanza, kamera itafute uso. Ikilia, malizia taratibu. Halafu mbona kila mtu umempiga mara moja?"

"Naogopa kumaliza."

"Kumaliza nini? Humu hamna filamu! Piga kumi, piga ishirini, uchague moja nzuri. Watu wanafumba macho, wanakaza shingo kama wako mahakamani. Ongea nao. Picha nzuri huwa ya saba au ya nane, wakisahau kwamba upo." Akarudisha kamera. "Neno la mwisho. Usifute picha ukiwa na hasira. Hicho kioo kidogo kinadanganya juani. Nyingine ikiwa na giza naweza kuing'arisha kidogo kwenye kompyuta. Ikishafutwa, sina la kufanya."

Doris aliipokea kamera.

"Iliyofutwa mwaka jana, mama? Haiwezi kurudi?"

"Baada ya hapo ulipiga nyingine kwenye kadi hiyo hiyo?"

"Nyingi. Ubatizo, sherehe ya chekechea... Kadi imejaa mara mbili."

"Basi zimelala juu yake. Hairudi, mwanangu." Mama Anusuya akamtazama vizuri. "Ilikuwa ya nani?"

"Ya babu yangu. Amefariki. Bibi anaisubiri. Nilimwambia bado inasafishwa."

Mama Anusuya alikaa kwenye kiti.

"Baba alipofariki," alisema, "nilitupa maboksi yake yote ya filamu za zamani. Nilitaka nafasi ya hii kompyuta. Wazee wakawa wanakuja: mama, naomba ile picha yangu ya harusi. Mwanzoni niliwaambia, natafuta."

"Na sasa?"

"Sasa nasema nilitupa. Wengine wananikasirikia. Lakini hakuna anayepanda na kushuka mlima kusubiri kitu ambacho hakipo."

*

Asubuhi iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, Bibi alijifunga kitenge chake cha bluu. Doris alifuta lenzi kwa upande wa ndani wa khanga. Alitazama jua liko wapi. Lilikuwa limetoka upande wa shamba la kahawa, na lilimulika mlangoni moja kwa moja.

"Mbona hunipeleki kwenye migomba?" aliuliza Bibi. "Babu yako alitaka mlima."

"Kule kuna kivuli, Bibi. Nitakupiga na mlima baadaye, kule uwanjani juani. Kwanza nataka uso wako."

"Haya. Mlima nao haujahama tangu nizaliwe, utangoja."

Bibi akaketi kwenye benchi mbele ya mlango. Hakuketi katikati. Aliketi upande wa kushoto, kisha akaingiza mkono ndani ya mlango, akatoa ile kofia ya kahawia ya Babu, akaiweka pale palipobaki wazi. Doris alitaka kumwambia asogee katikati. Akaacha.

Alipiga goti ili kamera iwe sawa na macho ya Bibi. Akabana viwiko. Bibi akakaza shingo.

"Bibi, umekaa kama uko mahakamani."

"Nani? Mimi?"

"Hebu niambie, Babu alikuposa vipi?"

"Ee! Mtoto huna adabu!" Bibi alifunika mdomo. "Alikuja na pombe ya mbege iliyochacha mpaka baba yangu akaumwa tumbo. Siku tatu! Nikajua hapa nimeshakosa mume."

Akacheka mpaka mabega yakatikisika, na mkono wake ukaangukia juu ya kofia. Doris alibonyeza nusu, kamera ikalia, akamalizia. Akapiga tena, na tena. Jumla zilikuwa ishirini na tatu. Katika nyingine Bibi alifumba macho. Katika moja kuku alipita. Doris hakufuta hata moja.

Doris aliporudi mjini, Mama Anusuya alizinakili zote kwenye CD ili zisipotee. Kisha akasafisha ile ya kumi na nne kwa ukubwa wa kuweka fremu. Mikunjo ya Bibi ilionekana yote, na macho yake yalikuwa na maji ya kicheko.

Siku mbili kabla ya Krismasi, Doris aliiinua fremu ili aiweke kwenye msumari. Bibi alimshika mkono.

"Subiri. Msumari huo ni wa ile ya Baba Thadeus. Tutafute mwingine wa hii. Yake si itarudi?"

Doris alishusha fremu. Akaiegemeza ukutani, chini ya msumari.

"Bibi, ile picha haiko mjini. Haikuwahi kwenda mjini. Ilitoka nyeusi, nikaona aibu, nikaifuta siku ile ile. Kabla Babu hajashika nyundo. Nimekudanganya mwaka mzima. Nisamehe, Bibi."

Nje ng'ombe alilia mara moja. Bibi alikwenda ukutani, akaugusa msumari kwa kidole.

"Mwaka mzima," alisema Bibi. "Na kila nikiuliza, ulikuwa unakimbilia ndani."

"Ndiyo, Bibi."

"Imeniuma, Doris. Sitasema haijaniuma." Akaichukua fremu, akaitazama kofia kwenye picha, na mkono wake juu yake. Akaitundika mwenyewe kwenye msumari wa Babu. "Lakini na mimi nikwambie. Sikuwa nauliza picha tu. Tangu tumzike, hapa nyumbani hakuna anayemtaja. Mnaogopa nitalia. Basi nikawa nauliza picha, ili nisikie mtu akimzungumzia."

Doris alimsogelea. Kwa miaka yote aliyoishi pale, hakuwahi kumsikia Bibi akimwita mumewe kwa jina. Siku zote alikuwa Baba Thadeus.

Bibi alifuta kioo cha fremu kwa ncha ya kitenge.

"Nimemkumbuka Kornel," alisema. "Nimemkumbuka sana."